Wa Tano

Waliniita kwa ajili ya sinki.
Ukumbi wa kamati, Upper Hill, ghorofa ya pili,
bomba la jikoni linavuja tangu Jumatatu
na wajumbe hawawezi kunywa chai
sakafu ikiwa ziwa.

Basi nimelala chali ndani ya kabati,
tochi mdomoni, spana mkononi,
na ukuta wa huku ni mbao tupu:
kila neno linanifikia.

"Ajenda ya nne," asema mwenyekiti.
"Mtoano wa soka la vyuo.
Kutoka timu nne hadi kumi na mbili."

Tochi ikaniponyoka.

Tone. Tone.

Mwaka ule tulikuwa wa tano.
Chuo cha Ufundi cha Jericho,
mabomba na umeme tukivaa jezi seti moja,
kijani iliyofuliwa hadi ikawa maji ya kabichi.
Mechi kumi na nne, alama ishirini na saba,
sawasawa na wale waliokuwa wa nne,
wenye basi lao na daktari wao
na mtu wa kubeba chupa tu.
Wakatupita kwa bao moja.

Si bao la kusimulia.
Tulikuwa mbele tatu bila, dakika ya tisini,
Lokwawi akauacha mpira mwepesi
umpite katikati ya miguu kama kuku aliyefunguliwa.
Tulicheka. Hata yeye alicheka.
Jumatatu jedwali likabandikwa,
na karani, kwa rula na wino mwekundu,
akapiga mstari juu ya jina letu.

Lokwawi hakudaka tena.
Siku hizi yuko Industrial Area, ghala la saruji,
analinda lango.
Wanasema hapo hapiti hata panya.

Tone.

"Tutashusha hadhi ya mashindano," yasema sauti yenye shibe.
"Na vijana watasoma lini?"
"Kwani hawa wanne wa kila mwaka," ajibu Bi. Kwamboka
(jina lake nalijua, ndiye aliyenifungulia mlango),
"wao husoma lini?"
Kicheko kidogo. Vijiko.
Mwingine anahesabu wadhamini,
mechi nane za ziada, mabango manane ya ziada.
Mwingine, polepole, anauliza
ni nani atakayenunua bandeji
kwa chuo kisicho na hata sanduku la kuziwekea.
Hilo halikuandikwa, nadhani.
Sikusikia kalamu.

"Wanaounga mkono?"

Nikainua mkono.
Spana ikagonga tumbo la sinki, ngwaa!
ukumbi mzima ukanyamaza.
"Fundi, uko salama?"
"Niko salama."
Wakahesabu mikono yao bila wangu,
na hoja ikapita.

Nikabaki pale chini, maji yakinichuruzika kwapani,
nikiwaza juu ya wa kumi na tatu.
Yupo tayari, mahali fulani,
Kayole au Dagoretti, anafunga kamba za viatu vya kuazima,
hajui kwamba ile rula haikuvunjwa,
imeteremshwa tu
hadi juu ya kichwa chake.

Lakini sitasema uongo:
nilifurahi. Nilifurahi kijinga,
kama mtu aliyelipwa deni
na mtoto wa mtoto wa mdeni.

Nikakaza koki, nikabadilisha washa,
nikafungua, nikafunga.
Kimya.
"Imeshika?" akauliza mwenyekiti, kikombe mkononi.
"Imeshika. Ila bomba lenyewe ni la zamani."

Kwenye ngazi nikamwandikia Lokwawi:
Wamefika kumi na mbili. Kuanzia mwakani.

Nilifika chini, nikavuka barabara,
nikanunua muhogo wa kuchoma wenye pilipili,
nikaumaliza, ndipo simu ikatetemeka.

Miaka kumi na moja hajawahi kulitaja.

Lile bao, aliandika,
lilikuwa la kuotea.